Wasifu wa Fundi Taratibu, Mtu wa Mashine Namba Nne

Jina kamili la marehemu limeandikwa kwenye jalada la karatasi mliyoshika, na limeandikwa vizuri. Lakini nikilitaja hapa nusu yenu mtageuka kuulizana tunamzika nani. Kwa hiyo nitamwita kama mlivyomwita wenyewe: Fundi Taratibu. Mimi ni shemeji yake, kaka wa mkewe. Watoto wamenipa kazi hii kwa kuwa nakumbuka mengi ya nyuma, na wameniomba nisizunguke sana. Nitajitahidi.

Fundi Taratibu alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa nne kati ya watoto saba wa baba aliyekuwa seremala na mama aliyekuwa mkulima. Mama yake alizoea kusema kwamba alichelewa wiki mbili kuzaliwa, na alipozaliwa hakulia mpaka mkunga alipomaliza kunawa mikono. Alitembea na kukimbia kama watoto wengine hadi mwaka 1964. Mwaka huo homa ilimshika siku tisa, na ilipoondoka iliondoka na nguvu za miguu yote miwili. Baba yake alimchongea kigari cha mbao chenye magurudumu manne ili asibaki amekaa sehemu moja. Mtoto, badala ya kukipanda, alikifungua siku hiyo hiyo aone kimefungwaje. Kilikaa vipande vipande siku tatu. Alipokifunga tena kilikwenda vizuri kuliko mwanzo, ila kulibaki msumari mmoja. Baba yake aliutafutia mahali pake mpaka anafariki, na hakupaona.

Shule alianza mwaka 1967, akiwa na miaka tisa, kwa sababu mwalimu mkuu alitaka kwanza aambiwe nani atakayembeba. Alibebwa na kaka yake, yule anayemfuata kwa juu, mgongoni, kwenda na kurudi, miaka yote saba. Kaka huyo, aliyewekwa darasa moja naye, hakuelewana na hesabu hata kidogo. Marehemu alimfanyia zile za nyumbani wakiwa njiani, akimnong'oneza sikioni, na kaka akiziandika wakifika. Mwalimu alishangaa kuona watoto wawili wanaokosa swali moja, kwa kosa moja. Kaka mtu yupo hapa leo, na amenipa ruhusa ya kulisema. Marehemu alihitimu darasa la saba mwaka 1973.

Mwaka 1975 aliingia kwa fundi baiskeli kujifunza kazi. Alikuwa akisema hakuichagua kazi hiyo, bali aliikuta usawa wa macho yake: wengine wakitaka kuona mnyororo sharti wainame, yeye alikuwa ameshafika. Mwaka 1980 alijijengea kibanda chake ubavuni mwa posta, na hapo alikaa miaka thelathini na sita. Jina la Taratibu alipewa na wateja, na hawakumpa kwa kumsifu. Mtu akija akihema na baiskeli begani, anamwambia, "Taratibu, itapona." Mtu akirudi jioni, anamwambia, "Taratibu." Mtu akitukana, anamsogezea kigoda. Lakini baiskeli iliyotoka kwake haikurudi kwa ugonjwa uleule, na waliomtukana ndio waliomletea baiskeli za watoto wao. Kuna aliyemwambia subira huvuta heri. Akamjibu, "Huvuta, lakini mnyororo uwe na grisi."

Kiti chake cha magurudumu alikiunda mwenyewe. Alichukua ringi mbili za baiskeli, akachukua kiti cha ofisi kilichotupwa, akafunga kengele mbele, na chini ya kalio akashona mfuko wa turubai wa kuwekea spana. Kilikuwa kizito, kilo ishirini na moja. Naomba muikumbuke namba hiyo, maana itatusumbua mbele.

Sasa ndoa. Mdogo wangu alikuwa fundi wa kushona, na mwaka 1983 alipeleka baiskeli yake kwa marehemu ikiwa na tundu kwenye tairi. Tundu la tairi ni kazi ya nusu saa. Wiki ya kwanza aliambiwa taratibu. Wiki ya pili alikwenda mara tatu. Kufika wiki ya tano nyumbani tukaona sasa ni dharau, nikatumwa mimi, niliyekuwa kijana mwenye kifua.

"Nimefuata baiskeli ya mdogo wangu," nikamwambia.

"Karibu, shemeji."

"Shemeji yako nani?"

"Taratibu," akasema, akinisogezea kigoda. "Tutafika."

Nikatazama juu. Baiskeli ilikuwa imening'inizwa darini, safi, imepakwa mafuta, tairi zote mbili zimejaa upepo. Ilikuwa imepona tangu siku ya kwanza. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, na mama aliponiuliza baiskeli iko wapi, nikamwambia baiskeli haina neno, aulize habari za binti yake. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 2 Juni 1984, wakajaliwa watoto watatu. Mama yangu alikuwa na wasiwasi jinsi mtu asiyesimama atakavyosimamia nyumba. Baada ya mwaka mmoja alikuwa akimpelekea pasi, cherehani na kila kilichokuwa na skrubu, na akikaa huko mpaka jua linazama.

Ugonjwa ulianza mwaka 2015. Uso ulikuwa ukivimba asubuhi, pumzi ikawa fupi, na alipopimwa akaambiwa figo zote mbili zimechoka kwa ajili ya shinikizo la damu. Kuanzia Februari 2016 akawa mtu wa mashine ya kusafisha damu: Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kwa muda wa saa nne kila zamu, mashine namba nne, iliyo karibu na dirisha. Mchungaji alikuja kumwombea, na kwa upendo wake akaanza na miguu, kwamba Bwana aiinue. Marehemu akamgusa mkono, akasema, "Mchungaji, na miguu tumeshazoeana. Omba figo."

Imani yake haikuwa ya kelele. Kabla ya sindano, ambayo si sindano ya kawaida bali ni kama spoku ya baiskeli, alifumba macho akasali kwa sauti ya kawaida: "Bwana, uongoze mkono wa nesi, nami unifunge mdomo." Manesi wakazoea kusubiri mpaka aseme amina. Wagonjwa wa namba tatu na namba tano nao wakaanza kuitikia, hata yule wa namba tano ambaye hakuwa wa dini yetu.

Kwa wasioyajua mambo haya nieleze kidogo. Figo zikifa, maji hayana pa kutokea. Unachokunywa kinakaa mwilini mpaka mashine ikitoe. Kwa hiyo marehemu aliruhusiwa nusu lita kwa siku, na hapo hesabu chai, hesabu mchuzi, hesabu na maji ya kumezea dawa. Kila akifika hospitali anapimwa uzito, na kilo zilizozidi ndiyo maji ambayo mashine itaambiwa iyatoe. Yeye, kwa kuwa hasimami, alipimwa juu ya kiti chake, kwenye mizani ile kubwa ya sakafuni, kisha wanaondoa uzito wa kiti. Uzito wa kiti ulipimwa siku ya kwanza, ukaandikwa kwenye kadi, kadi ikabandikwa ukutani juu ya mizani: kilo ishirini na moja.

Miaka miwili mambo yalikwenda sawa. Aliyekuwa akimsukuma ni mwanawe wa kwanza. Januari 2018 kijana akapata kazi ya udereva wa lori, safari za mbali, na mdogo wangu akafunga cherehani yake siku tatu kwa wiki akachukua zamu ya kiti. Hapo ndipo uzito ulipoanza kuzidi. Leo kilo mbili na nusu juu ya kawaida, keshokutwa tatu. Sista aliyekuwa akisimamia mizani, ambaye wagonjwa walimwita Nesi Mizani, na jina hilo analijua, alimkazia macho.

"Mzee, unakunywa."

"Sinywi, mwanangu."

"Mizani haina sababu ya kukuonea."

"Mizani haina neno. Naomba kiti kipimwe."

"Kiti kilishapimwa. Si hiki hapa kwenye kadi?"

Basi mashine ikaambiwa itoe maji. Na kwa kuwa mwilini hayakuwemo, ikavuta palipokauka. Mikono ikamkaza, macho yakapoteza nuru, mara mbili akazimia, ikabidi wamlaze kichwa chini na kumrudishia maji kwa mshipa. Alipozinduka aliomba radhi kwa usumbufu. Nyumbani nako hakuna amani. Mdogo wangu aliweka kufuli kwenye jokofu, akahamishia mtungi chumbani kwake, akawa anampimia maji kwa kikombe cha dawa ya kikohozi. Niliwakuta asubuhi moja.

"Miaka thelathini na minne nimekuamini, Fundi," anamwambia. "Niambie tu unayatoa wapi."

"Sijayatoa popote, Mama."

"Kwa hiyo unavimba kwa upepo?"

"Mungu anajua nilichokunywa."

"Mungu anajua, na mizani inajua. Asiyejua ni mimi peke yangu."

Nami, nisiwe mnafiki mbele ya jeneza, nilikuwa upande wa mizani. Nilimpa nasaha ndefu juu ya kiasi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanisogezea kiti.

Neno lilipokuwa zito ni mwezi wa tano. Mashine zilikuwa sita, na kwenye orodha walikuwepo watu kumi na mmoja wanaosubiri mmoja apone, au afe. Daktari akasema wazi: asiyeweza kufuata masharti anakalia nafasi ya anayeweza. Akampa mwezi mmoja. Bila ile mashine mtu wa hali yake ana wiki mbili, tatu akiwa na bahati. Sote tulijua, naye alijua. Kila Jumanne, Alhamisi na Jumamosi aliendelea kusema neno lile lile, kwa sauti ile ile, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu: naomba kiti kipimwe.

Alhamisi, tarehe 7 Juni 2018, mwezi ulikuwa umetimia. Siku hiyo niliwasindikiza. Mizani ikasoma kilo tatu zaidi. Daktari akaja na faili, sura ya mtu anayekwenda kufanya asichokipenda.

"Mzee wangu," akasema, "nimekuvumilia."

"Umenivumilia, daktari, nakushukuru. Kabla hujakata jina, naomba kiti kipimwe."

Daktari akamtazama Nesi Mizani. Nesi akaonyesha kadi ukutani. Daktari akaitazama kadi, akautazama ule wino uliofifia, akasema, "Kipimeni."

Tulimwinua tukamlaza kitandani, kiti kikasukumwa peke yake juu ya mizani. Kilo ishirini na nne. Nesi akakishusha, akakirudisha. Ishirini na nne. Akapiga magoti, akaingiza mkono kwenye mfuko wa turubai chini ya kiti. Akatoa spana mbili, tambara, na chini ya tambara chupa ya chai ile kubwa ya lita mbili. Akafungua kifuniko, akainusa. Yalikuwa maji.

"Haya, Mzee," akasema. "Na hii?"

"Yangu," marehemu akajibu haraka. Ni mara pekee niliyomsikia akisema jambo haraka.

"Ya kunywa?"

"Ya kunawia. Grisi."

"Maji baridi, kwenye chupa ya chai, ya kutolea grisi," Nesi akasema. Akamgeukia daktari. "Nilisema mimi."

Daktari akafungua kalamu. Na hapo mdogo wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na mkoba wake kifuani, akasema, "Ni yangu."

"Usimsikilize," marehemu akasema. "Ni yangu."

"Ni yangu mimi, Fundi."

"Daktari, huyu ana huruma. Andika yangu."

Nesi Mizani alikuwa bado ameshika kile kifuniko. Akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama ukingoni. Mnamjua mdogo wangu, tangu usichana hatoki nje bila rangi ya midomo.

"Mzee," akasema Nesi, "na rangi ya mdomo ni yako pia?"

Wa namba tano ndiye aliyeanza kucheka, na ukicheka na sindano mbili mkononi mashine inapiga kelele, kwa hiyo zikalia mashine tano kwa pamoja, na manesi wakakimbia huku na huku. Zilipotulia mdogo wangu alikuwa analia. Akaeleza. Alikuwa hawezi kunywa mbele ya mumewe, mtu anayelamba mdomo akisikia bomba linatiririka. Kwa hiyo alikuwa akijaza chupa nyumbani kwa siri, anaificha chini ya kiti, na mumewe akishafungwa kwenye mashine anaitoa, anakwenda kunywa mwisho wa korido, nyuma ya mlango wa stoo, huku ameupa ukuta uso. Hakuwahi kufikiri kwamba mizani nayo inayaona. Miezi mitano alikuwa akimshitaki mumewe kwa maji aliyoyanywa yeye mwenyewe.

Daktari alitoa ishirini na moja kwenye ishirini na nne, akairudia hesabu hiyo ndogo mara mbili kwenye karatasi, kisha akaifunga faili. Nesi Mizani akabandua kadi ukutani. Alimwomba marehemu msamaha, na marehemu akamwambia, "Uliikuta imeandikwa, mwanangu. Hata mimi ningeamini."

Baadaye nilipombeba kumrudisha kitini nilimuuliza kama alikuwa akijua. Alijua tangu wiki ya kwanza. Fundi gani hasikii maji yakichezacheza chini ya kalio lake? Nikamuuliza kwa nini asiseme, mtu anakaribia kuuawa kwa chupa ya chai.

"Ningesema, angeacha kunywa," akasema. "Dada yako unamjua. Angekaa pale benchi tangu asubuhi mpaka alasiri na koo kavu, kwa ukaidi. Nilitaka kiti kipimwe na kila kilichomo, kimya kimya, na maisha yaendelee. Sikujua itachukua muda."

Tangu siku hiyo kiti chochote kinachoingia kwenye chumba kile hupimwa kwanza kikiwa kitupu. Chupa ikapewa mahali pake mezani, pembeni ya mashine namba nne. Mdogo wangu alikataa kunywa hapo wiki nzima. Marehemu akamwambia, "Angalau mmoja wetu anywe." Akakubali. Nimewaona mara nyingi. Anakunywa, marehemu anamtazama.

"Ya leo yakoje?"

"Baridi."

"Yana ladha ya bati?"

"Kidogo."

"Suuza chupa kwa majivu." Halafu anafumba macho, ametosheka, kana kwamba yamepita kooni mwake.

Aliishi hivyo karibu miaka minne mingine, na katika miaka hiyo alitengeneza magurudumu ya vitanda vyote vya wodi, akiwa amelala, mkono mmoja kwenye mashine. Mwaka jana moyo ulianza kuchoka. Jumapili iliyopita alikwenda kanisani, akaimba ubeti wa kwanza na wa mwisho, za katikati akampumzisha mtu wa pembeni kwa kunyamaza. Jumatatu, tarehe 9 Mei 2022, saa moja asubuhi, akiwa amekaa kwenye kiti chake barazani, alimwomba mkewe kikombe kile cha dawa ya kikohozi. Mkewe alipotoka nacho alikuwa ameshaondoka. Alikuwa na miaka sitini na minne, mwezi mmoja na siku ishirini na tano.

Kabla saa haijagonga tatu, mdogo wangu alipiga simu hospitali. Tulidhani anataka kuwapa habari. Nesi Mizani alipokea, akasikia, akaanza kulia. Mdogo wangu akamwambia, "Lia baadaye, mama. Namba nne iko wazi kuanzia kesho. Mpigie aliye mbele kwenye orodha, asije akachelewa." Aliyekuwa mbele ni dada mmoja mwuza vitambaa, ana watoto wawili wadogo, amesubiri miezi kumi na minne. Alifungwa kwenye mashine Jumanne. Alitamani kuwa nasi hapa, lakini leo ni Alhamisi. Muda huu ninaposoma yuko pale dirishani, na Nesi Mizani yuko naye, ndiyo maana wote wawili hamwaoni.

Marehemu ameacha mjane mmoja, watoto watatu, yaani dereva wa lori aliyeendesha siku mbili kuwahi hapa, mwalimu, na kitinda mimba wetu fundi seremala aliyelitengeneza jeneza hili, wakwe wawili, wajukuu saba, kaka mmoja aliyembeba, dada wawili, na shemeji mmoja.

Apumzike kwa amani. Na huko aliko, hakuna mizani, anywe maji mpaka aseme mwenyewe basi.